Kuziba Pengo la Maktaba Sanifu

Kompaila ikikuambia kwamba haiitambui `std::to_string`, ishukuru. Imekataa mapema, imelitaja jina, imekuonyesha na mstari. Waliowahi kufanya kazi na MinGW ya zamani kwenye Windows wanaikumbuka kauli hiyo. Kiwango cha C++ cha 2011 kilikuwa kimeshaiingiza fanksheni hiyo, na GCC iliyokuwa ndani ya MinGW ilikuwa ikiijua. Tatizo lilikuwa chini yake: maktaba ya C ya Windows ilikuwa na `vswprintf` isiyofuata kiwango, basi walioandika maktaba ya C++ wakaufunga mlango wote, hata kwa fanksheni ambazo hazikuhusika. Pengo la namna hiyo unaliziba kwa mistari michache, unaendelea na kazi kabla chai haijapoa.

Mapengo yanayokula wiki nzima ni mengine. Ni yale ambayo heda ipo, jina lipo, kompaila imekubali bila hata onyo, ila kinachofanyika ndani sicho kilichoandikwa kwenye kiwango. Na mara nyingi aliyelichimba pengo hilo ni mwandishi wa programu mwenyewe, alipoziba lile dogo la kwanza kwa haraka. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaoandika C na C++ kwenye mashine wasizozichagua wenyewe unazunguka jambo moja: pima tabia ya kitu, usiliamini jina lake wala namba ya toleo.

Kabla ya kuilaumu kompaila, hakikisha umeiomba vizuri. GCC 4.8, iliyokuja na CentOS 7 na ambayo bado utaikuta kwenye seva ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa, ikiachwa bila maelekezo inasoma C++ ya 1998. Andika `std::unique_ptr` bila kuongeza `-std=c++11` na utaambiwa hakuna kitu kama hicho. Upande wa C mambo yanakwenda kinyume. Ukiwa mkali na `-std=c99`, glibc inaficha kila kisichokuwamo kwenye kiwango hicho, hivyo `strdup` na `M_PI` zinatoweka; zinarudi ukitumia `-std=gnu99`, au ukitangaza `_XOPEN_SOURCE` yenye thamani 700 kabla ya heda ya kwanza. Kwenye kompaila ya Microsoft, `M_PI` inasubiri utangaze `_USE_MATH_DEFINES`. Yote haya si mapengo, ni milango ambayo hukubisha hodi.

Hilo la `strdup` lina sumu yake. Kompaila za C za zamani zikikutana na fanksheni isiyotangazwa zinadhani inarudisha `int`, zinatoa onyo na kusonga mbele. Kwenye mashine ya biti 64, pointa ya baiti 8 inakatwa ikabaki baiti 4, na programu inakuja kuanguka mbali kabisa na mahali kosa lilipo. GCC 14 ya 2024 ndiyo iliyoligeuza onyo hilo kuwa kosa. Kama uko kwenye ya zamani, ligeuze mwenyewe kwa `-Werror=implicit-function-declaration`, leo, kabla hujasoma aya inayofuata.

Lalamiko likitoka kwa linka badala ya kompaila, huenda umesahau kutaja maktaba tu: `-lm` kwa hesabu, `-pthread` kwa nyuzi, na `-lrt` kwa `clock_gettime` kwenye glibc iliyotangulia 2.17. Na kama ni `std::thread` inayokosekana kwenye MinGW-w64, usiandike chochote. Kwa miaka mingi ilitolewa kwa aina mbili, ya nyuzi za win32 na ya nyuzi za posix, na ile ya kwanza ilikuwa haina `std::thread` mpaka GCC 13. Pakua ya pili.

Kuna pia mambo ambayo kiwango chenyewe kimeruhusu yasiwepo. C11 ilileta `<threads.h>` lakini ikaifanya ya hiari, na ikatoa makro ya kukiri kutokuwepo kwake, `__STDC_NO_THREADS__`. Asiyekuwa nayo hajavunja sheria. Kwa maoni yangu, heda ya hiari ni sawa na heda isiyokuwepo: usiijengee mradi wowote unaotakiwa kwenda kwenye mashine zaidi ya moja.

Sasa tuseme umeshajiridhisha kwamba pengo ni la kweli. Swali linalofuata ni la nani. Kompaila ni kitu kimoja, maktaba sanifu ni kingine, na mara nyingi vimetoka kwa watu tofauti. Clang kwenye Linux kwa kawaida inatumia libstdc++ ya GCC iliyoikuta kwenye mashine. Weka Clang mpya juu ya mfumo wenye GCC 4.8, na utakuwa na kompaila inayoijua lugha ya jana asubuhi lakini yenye maktaba ya 2013. Ukiangalia namba ya toleo la Clang utapata jibu zuri kwa swali ambalo hukuliuliza. Kwenye macOS kuna tabaka jingine tena: `<filesystem>` ipo kwenye heda, lakini ukilenga mfumo uliotangulia 10.15 unakataliwa, kwa sababu sehemu yake iliyokompailiwa inakaa ndani ya mfumo wa uendeshaji na kwenye mifumo ya zamani haimo.

Makro za utambulisho nazo zinadanganya, tena kwa nia njema. Clang inajitambulisha kwa `__GNUC__` yenye thamani 4 na `__GNUC_MINOR__` yenye thamani 2, ili msimbo ulioandikiwa GCC uipokee. Ukiweka sharti la "kama GCC ni chini ya 4.9, tumia kiraka", Clang zote za dunia, hata iliyotoka mwezi huu, zitapewa kiraka. Kompaila ya Microsoft nayo imeshikilia `__cplusplus` kwenye 199711L, yaani C++ ya 1998, hata inapokompaili C++ ya 2020, kwa kuogopa kuvunja msimbo wa watu. Mpaka uipe chaguo la `/Zc:__cplusplus`, lililokuja na Visual Studio 2017 toleo 15.7, ndipo inasema kweli. Waandishi wa musl, maktaba ya C iliyomo ndani ya Alpine Linux, waliamua kutoweka makro yoyote ya kuitambulisha maktaba yao. Wengi wanalalamika. Mimi naona wamefanya la maana, kwani wanakulazimisha uulize "kitu hiki kipo?" badala ya "wewe ni nani?"

Kuuliza hivyo hakukuanza leo. David MacKenzie alipoanza kuandika Autoconf mwaka 1991, wazo lilikuwa kukompaili vijiprogramu vidogo vidogo kabla ya kazi yenyewe na kuona kipi kinapita. CMake inafanya hivyohivyo kwa `check_symbol_exists` na `check_cxx_source_compiles`. Boost, mradi ulioanza 1998, mwaka uleule wa kiwango cha kwanza cha C++ na wa Visual C++ 6 iliyokuwa haina hata `std::min` na `std::max`, ulizipa kasoro majina: `BOOST_NO_CXX11_HDR_REGEX`, `BOOST_NO_CXX11_SMART_PTR`. Orodha ya kompaila gani ina kasoro gani imewekwa mahali pamoja, na msimbo uliobaki unataja kasoro tu. Iga mtindo huo hata kama hutumii Boost. Mradi wenye `#if defined(_MSC_VER)` mia mbili zilizotapakaa hauhamishiki. Wenye faili moja la kasoro na majina kumi, mgeni anausoma kwa dakika chache.

Kwa C++ ya sasa kazi imerahisishwa. Kila kipengele kikubwa cha maktaba kina makro yake inayoanza na `__cpp_lib_`, na tangu C++20 zote zinapatikana ndani ya heda `<version>`. Hivi ndivyo ninavyopenda kuandika kwa ajili ya mafaili na saraka:

```
#if defined(__has_include)
#  if __has_include(<version>)
#    include <version>
#  endif
#endif

#if defined(__cpp_lib_filesystem)
#  include <filesystem>
   namespace mafaili = std::filesystem;
#else
#  include "ghc/filesystem.hpp"
   namespace mafaili = ghc::filesystem;
#endif
```

Masharti mawili ya juu yamewekwa moja ndani ya jingine makusudi. Ukiyaunganisha kwenye mstari mmoja kwa `&&`, kompaila isiyoijua `__has_include` itajikwaa kwenye mabano na kukataa faili zima, na hiyo ndiyo kompaila uliyokuwa unaisaidia. Kiraka chenyewe, cha Steffen Schümann, ni faili moja linalohitaji C++11 tu. Zingatia pia kinachotokea kwenye GCC 8: `<filesystem>` inayo, `<version>` haina, kwa hiyo itapewa kiraka. Hilo halinisumbui, maana GCC 8 ilikuwa ikidai uongeze `-lstdc++fs` wakati wa kuunganisha, na ni watu wachache wanaokumbuka.

Hapa ndipo tunafika kwenye vitu vilivyopo kwa jina tu. Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni `std::regex` ya GCC 4.8. Heda ilikuwepo. Madarasa yalikuwepo. Msimbo ulikompailiwa bila neno. Lakini utekelezaji wake ulikuwa haujakamilika: ruwaza nyingine zilirusha kosa programu ilipoendeshwa, nyingine zikajibu kwamba hakuna kilicholingana. Utekelezaji wa kweli ulikuja na GCC 4.9 mwaka 2014. Hakuna `check_symbol_exists` itakayoliona pengo hilo, kwa sababu kila alama ipo mahali pake. Hapa unahitaji kipimo kinachoendesha: `check_cxx_source_runs` kwenye CMake, na ndani yake ruwaza yenye mabano ya mraba, kikundi na marudio, pamoja na jibu unalolijua. Kama unakompaili kwa ajili ya mashine nyingine, simu au bodi ndogo ya kielektroniki, kipimo hicho hakiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako. Kihamishie kwenye majaribio yanayokwenda pamoja na programu hadi kwenye kifaa chenyewe.

Lakini GCC 4.8 angalau ilikuwa kosa la wenyewe. `snprintf` kwenye Windows ni kosa tulilojitengenezea. Kabla ya Visual Studio 2015, Microsoft hawakuwa na `snprintf` ya kiwango cha C99. Walikuwa na `_snprintf`, yenye vigezo vilevile kwa mpangilio uleule. Basi miradi isiyohesabika ikaweka mstari huu: `#define snprintf _snprintf`. Ulikompailiwa, ukaonekana kufanya kazi, ukasahaulika.

Tofauti ziko mbili. Fanksheni ya kiwango daima inafunga stringi kwa baiti ya sifuri, mradi bafa ina ukubwa wowote. `_snprintf` maandishi yakijaza bafa haifungi, na anayekuja kusoma anaendelea kusoma mpaka kwenye kumbukumbu isiyo yake. Ya pili ni jibu linalorudishwa: ya kiwango inakuambia maandishi yote yangehitaji herufi ngapi, ile nyingine, maandishi yakizidi bafa, inarudisha namba hasi. Fikiria msimbo wa kawaida kabisa unaojaribu bafa ya baiti 64, na jibu likiwa sawa na `sizeof` ya bafa au zaidi unaomba kumbukumbu ya jibu jumlisha moja. Jibu ni -1. Likilinganishwa na `sizeof`, ambayo haina alama ya hasi, -1 inageuka namba kubwa kuliko zote, sharti linatimia, na kumbukumbu inayoombwa ni -1 jumlisha 1. Baiti sifuri. Kisha unaandika ndani yake.

Kiraka sahihi kwa kompaila hizo kinaandikwa kwa `_vsnprintf_s` yenye `_TRUNCATE`, inayofunga stringi, na `_vscprintf`, inayohesabu urefu kamili. Ni mistari kumi na tano hivi. Mstari mmoja ulikuwa mfupi zaidi, ndiyo maana ulipendwa.

`round` ni hadithi ya jamii hiyohiyo. Visual C++ haikuwa nayo mpaka 2013, na kila mtu aliandika `floor(x + 0.5)` kama alivyofundishwa. Kwa -2.5 kiwango kinataka -3, hiyo inakupa -2. Kwa 0.49999999999999994, ambayo iko chini ya nusu, kiwango kinataka 0. Lakini ukiongeza 0.5 jumla inakaribishwa kuwa 1 kamili kabla `floor` haijaiona. Nani atakutana na namba hiyo? Huenda asiwe mtu yeyote. Ila -2.5 utakutana nayo kwenye jedwali lolote lenye marejesho au upungufu, na matokeo ya mashine mbili hayatalingana.

Na sasa ile `std::to_string` niliyosema inazibika haraka. Kiraka chake kilichozagaa kinapitisha thamani kwenye `std::ostringstream`. Kwa namba nzima hakina tatizo kubwa. Kwa desimali, kiwango cha 2011 kinasema matokeo yawe kama ya `%f`, hivyo 2.5 inakuwa `2.500000`, mkondo unatoa `2.5`, na kwa bilioni kumi unatoa `1e+10`. Isitoshe, mkondo unafuata mipangilio ya lugha ya programu, kwa hiyo mtu akiweka mipangilio ya kutenganisha maelfu, elfu yako itatoka na alama katikati yake. Programu ileile iliyojengwa mara mbili, kwenye Linux na kwenye MinGW, itaandika mafaili mawili tofauti. Ukiamua kuandika kiraka, tumia `snprintf` yenye `%f`, na uwe na uhakika ni `snprintf` ipi.

Kundi la mwisho la vilivyopo kwa jina ni fanksheni zenye jina moja na vigezo vilivyopangwa tofauti. `gmtime_s` ya Microsoft inataka muundo wa tarehe kwanza, saa baadaye. Ile ya kiambatisho cha C11 inataka kinyume. `strtok_s` ya Microsoft ina vigezo vitatu, ya kiambatisho ina vinne. `qsort_r` ya GNU na ile ya BSD ya zamani zilipishana hata kwa mpangilio wa vigezo ndani ya fanksheni ya kulinganisha. Usizibe hizi kwa makro hata mara moja. Zifunike kwa fanksheni yako yenye jina lako, na jina la asili lisionekane popote nje ya faili hilo.

Nimefika kwenye suala la majina, ambalo watu hulichukulia kijuujuu. Kuongeza fanksheni yako ndani ya `namespace std` kunakatazwa na kiwango, na si kwa adabu tu: siku maktaba itakapoipata ya kwake, yako itagongana nayo. Kwenye C, majina yanayoanza na `str`, `mem`, `is` au `to` yakifuatwa na herufi ndogo yamewekewa akiba ya baadaye. Yaliyowapata waliokuwa na `strlcpy` yao yanatosha kuwa funzo. Fanksheni hiyo ilizaliwa kwenye OpenBSD mwaka 1998, glibc ikaikataa kwa robo karne, watu wakaibandika kwenye miradi yao kwa jina lilelile. Mwaka 2023 glibc 2.38 ikaipokea, na msimbo uliokuwa na `static size_t strlcpy` yake ukaanza kukataliwa kwa sababu ya matangazo mawili yanayopingana. Aliyeiita `mradi_strlcpy` hakusikia chochote.

`make_unique` ina mtego mwembamba zaidi. C++11 ilileta `unique_ptr` bila yake, kwa sehemu kwa kusahau tu, na C++14 ikaileta. Katikati hapo kila mradi uliandika ya kwake. Hata ukiiweka kwenye nafasi yako ya majina, ukiiita bila kutaja nafasi hiyo na mojawapo ya vigezo ikawa `std::string`, kompaila inaruhusiwa kwenda kutafuta ndani ya `std` pia. Kwenye C++11 haikuti kitu. Ukipandisha hadi C++14 inazikuta mbili na inakataa kuchagua. Dawa ni kuita kwa jina kamili daima, `mradi::make_unique`, na ndani ya heda ya viraka kuweka `using std::make_unique;` pale ya kweli inapopatikana.

Bodi ndogo zinahitaji maneno yao. Arduino Uno ya asili, inayopatikana kwenye vilabu vingi vya vifaa vya kielektroniki, ina kichakataji cha ATmega328P chenye KB 32 za programu na KB 2 za kumbukumbu. Kompaila yake ni GCC halisi, inayoijua lugha vizuri, lakini haiji na libstdc++: hakuna `<vector>`, hakuna `<string>`. Kishawishi ni kutafuta maktaba inayozirudisha zote. Mimi nashauri ukikatae. Kwenye KB 2, `vector` inayokua na kuhama kila mara inaipasuapasua kumbukumbu mpaka ombi dogo linakosa nafasi. Embedded Template Library ya John Wellbelove inatoa miundo inayofanana na ya kiwango, ila ukubwa unautaja mapema na hakuna kumbukumbu inayoombwa programu ikiwa inaendelea. Hiyo ndiyo tabia unayoitaka kwenye kifaa kitakachokaa juu ya tangi la maji mwaka mzima.

Hapo pia utakutana na `%f` inayochapisha alama ya kuuliza. Maktaba ya C ya vichakataji vya jamii hiyo ya AVR, avr-libc, imeiondoa desimali kwenye `printf` ili kuokoa nafasi. Inarudi ukiunganisha kwa `-Wl,-u,vfprintf -lprintf_flt -lm`, au unatumia `dtostrf` na kulipa gharama ndogo zaidi. La hatari zaidi halichapishi alama yoyote: `double` kwenye AVR kwa kawaida ni ya biti 32, sawa na `float`, jambo ambalo kiwango hakiliruhusu. Longitudo ya Dar es Salaam, nyuzi 39 na kitu, ikihifadhiwa hivyo hatua yake ndogo kabisa ni kama sentimita 40. Ukitoa nukta mbili zilizo karibu ili kujua mwendo, karibu jibu lote ni kelele. Hakuna kiraka cha hilo. Hifadhi kwa `int32_t`, kwa kipimo cha sehemu moja ya milioni kumi ya nyuzi. Nyuzi 180 zote zinaingia.

Na ukifika mahali pa kuandika `memset` yako mwenyewe, kwa bodi isiyo na maktaba kabisa, jihadhari na GCC yenyewe. Hata ikiambiwa hakuna maktaba, bado inategemea `memcpy`, `memmove`, `memset` na `memcmp` ziwepo. Inapoona kitanzi chako kinachojaza sifuri, inatambua kwamba hii ni `memset` na kukibadilisha kuwa wito wa `memset`. Yaani fanksheni inajiita yenyewe mpaka rafu inajaa. Kompaili faili hilo kwa `-fno-tree-loop-distribute-patterns`.

Si lazima uandike kila kitu. Ukichukua cha mtu, angalia leseni kabla ya kubandika: musl iko chini ya MIT na msimbo wake unasomeka, `strlcpy` ya OpenBSD ina leseni ya ISC, Boost ina ya kwake isiyo na masharti mazito. Gnulib ni ghala kubwa la viraka vya C, lakini moduli zake nyingi ziko chini ya GPL au LGPL, na kazi ya mteja inayofungwa inaweza isivumilie hilo.

Kila kiraka kiandikie jaribio, na jaribio liendeshe kwanza dhidi ya kitu halisi. Kwenye mashine yenye maktaba kamili, elekeza majaribio kwenye `std`. Yakipita, elekeza kwenye kiraka hapohapo. Kisha yapeleke kwenye mashine yenye pengo. Ukiruka hatua ya kwanza, unachopima ni ulivyokielewa kiwango, na huko ndiko makosa yalikozaliwa. Weka bafa iliyojaa barabara, iliyozidi kwa herufi moja, stringi tupu, namba hasi, na thamani isiyo namba.

Wakati mwingine hesabu ya viraka ikifika mahali, cha busara ni kubadilisha kompaila. Kwenye RHEL 7 na CentOS 7 kulikuwa na devtoolset, iliyoweka GCC mpya kando ya ya zamani. Sehemu za libstdc++ ambazo mfumo haukuwa nazo ziliunganishwa ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo ilikimbia kwenye seva ambayo haikuguswa. Timu nyingi zilitunza viraka vya C++14 kwa miaka huku suluhisho likiwa kifurushi kimoja. Uliza kwanza kama marufuku ya kupandisha toleo ni ya kompaila au ni ya mfumo wa mteja. Mara nyingi ni ya pili tu.

Kiraka kinachobaki kiwe na tarehe ya kuondoka. Juu yake andika ni kompaila gani ilikihitaji, kasoro yenyewe ni ipi, na toleo gani likiwa la chini kabisa kitafutwa. Kisha usiamini maandishi, weka mtego: `#error` inayolipuka pale toleo hilo linapofikiwa. Microsoft wenyewe walifanya hivyo walipoleta `snprintf` ya kweli, `stdio.h` ya Visual Studio 2015 ikikuta umeitangaza `snprintf` kama makro inagoma kukompaili, na kwa njia hiyo mistari mingi iliyosahaulika ilifichuka. Ondoa kiraka kwenye badiliko lake peke yake, lisichanganyike na kupandisha toleo, ili likileta balaa ulirudishe bila kurudisha kompaila. Jaribio lake usilifute. Lielekeze kwenye `std` na uliache kwenye orodha, maana bado kuna mteja ambaye hajahama.